Bila kufuli si bila utaratibu

Vijana ninaosoma nao msimbo wa Linux hapa Tanga huniambia: bafa ya printk, yaani hifadhi ya muda ya ujumbe wa kerneli, haina kufuli la kuzuia wengine mmoja anapoandika, basi kila mwandishi (sehemu ya programu inayoandika) anaandika atakavyo, na yale maelezo marefu ndani ya msimbo ni mapambo tu. Sivyo.

Bafa hiyo, iliyoingia katika toleo la 5.10 mwaka 2020, ina utaratibu mkali. Mwandishi hujitengea nafasi kwa operesheni isiyogawanyika, ambayo hakuna awezaye kuikatiza katikati. Akigongana na mwenzake, hujaribu tena. Huandika, ndipo hubadilisha hali ya rekodi, alama ya kwamba imekamilika. Msomaji hagusi rekodi isiyokamilika.

Tatizo ni kwamba prosesa yaweza kupindua mpangilio huo, kama jahazi litwekalo bendera ya kuondoka shehena ikiwa bado gatini. Vizuizi vya memori, maagizo kwa prosesa, hulazimisha data itangulie, alama ifuate. Lakini kizuizi cha mwandishi hakifai kitu bila mwenzake upande wa msomaji, na undugu huo hutajwa kwenye maelezo peke yake. Ukiyafuta, atakayekuja baadaye ataondoa kizuizi kimoja akidhani hakina kazi. Kwenye prosesa za x86, zinazopindua mpangilio kwa nadra, huenda asione kosa. Laweza kujitokeza kwenye za ARM, zilizo huru zaidi kupindua.