Kuoa na kuolewa Ulaya: yanayosemwa Malindi na yalivyo kwenye sheria

Wataliano walianza kuzoeleka Malindi miaka ya 1960, walipojenga kituo cha kurushia satelaiti kule Ngomeni. Satelaiti ya kwanza kutoka jukwaa la San Marco, lile lililosimama baharini, iliruka Aprili 1967. Walikuja mafundi, wakafuata watalii, zikafuata nyumba na mikahawa, na mwisho ndoa. Leo kijana wa ufukweni ambaye hajafika hata Nairobi atakusalimia kwa Kitaliano na kukuuzia safari ya baharini kwa Kitaliano hichohicho. Ndiyo maana habari za kupelekwa Italia hazikauki midomoni, na kwa kuwa kila nyumba ina binamu aliyekwenda, kila mtu ni mjuzi. Mimi kazi yangu ni saiba hapa mjini, kujazia watu fomu na kuskani vyeti, na maneno haya nayasikia kila mtu akivuta kiti.

"Nikishaolewa naye, nina haki ya kukaa kwao."

Una haki ya kuomba. Hilo ndilo watu hawataki kulisikia. Kwa aliyeolewa na raia wa Italia safari ina vituo vyake: ndoa iliyofungwa Kenya iandikishwe kwenye manispaa ya mume kule Italia, mke aombe viza ya familia ubalozini Nairobi, na akishafika aende questura, yaani polisi wanaoshughulikia wageni, aombe kibali cha kukaa. Akikubaliwa hupewa cha miaka 5. Kila nchi ina hesabu yake. Uingereza mwombaji aliye nje hupewa miezi 33 kwanza, Ujerumani mke au mume wa raia kwa kawaida huanza na miaka 3, na Marekani ndoa isiyofika miaka 2 hukupa kadi ya ukaazi ya miaka 2 yenye masharti, ambayo lazima muombe masharti yaondolewe ndani ya siku 90 za mwisho kabla haijaisha. Muda huo ukipita mnaangaliana tu, ni kosa.

Na kuna jambo watu hulisahau: ombi lako linapimwa pia kwa karatasi za mwenzio. Mkenya anayefanya kazi Italia kwa kibali chake mwenyewe akitaka kumchukua mke wake wa Lamu, lazima aonyeshe kipato na nyumba yenye nafasi ya kutosha, apate kwanza ruhusa ya serikali ya kule ndipo mke aombe viza. Raia wa Italia hawekewi sharti hilo. Uingereza haijali kama ni raia au si raia, wote wanaulizwa pesa: tangu tarehe 11 Aprili 2024 anayemwita mwenzake aonyeshe kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo ilikuwa pauni 18,600. Asiyekuwa na mshahara huo anaweza kutegemea akiba, lakini akiba peke yake inatakiwa ifike pauni 88,500. Babu mstaafu anayekuja Watamu kila Disemba na kununulia baa nzima vinywaji si lazima awe nazo. Muulize mapema, na usione haya.

"Nikahi imefungwa mbele ya mashahidi, imetosha."

Kwa dini imetosha. Ubalozini hawana shida na nikahi, wana shida na nikahi isiyokuwa na cheti. Sheria ya Ndoa ya 2014 inazitambua ndoa za Kiislamu sawa na za kanisani na za serikalini, ila zifungishwe na kadhi, sheikhe au imamu aliyeidhinishwa na Msajili wa Ndoa, kisha zisajiliwe. Imamu wa mtaani ambaye hana idhini atakusomea khutba nzuri na hutakuwa na la kupeleka Nairobi. Anayefunga ndoa ya serikali, ile watu wanaiita ya DC, ajue kuna notisi ya siku 21, na mgeni ataulizwa cheti cha kwao kinachoonyesha hana ndoa nyingine. Wataliano hukitoa kwenye manispaa yao, na hapa niseme langu: msichana, hicho cheti kisome wewe na wazee wako kabla ya posa, si baada. Nimeona mahari yakipokewa, nyumba ikipakwa rangi, na mke wa Milano bado yupo kwenye daftari.

Lakini kinachoangusha watu wa pwani hasa ni majina. Chukua binti aliyezaliwa Pate kwa mkunga, akapata cheti cha kuzaliwa ukubwani. Cheti kinasema Fatuma Othman. Kitambulisho kinasema Fatma Athman Bwana, kwa sababu aliyeandika alimuuliza babu naye ni nani. Kwenye cheti cha nikahi ni Fatma binti Athman Omar, kwa kuwa kadhi anataka nasaba. Kwetu huyo ni mtu mmoja na mtaa mzima unamjua. Kwa karani wa ubalozi hao ni wanawake watatu, na mmoja tu ndiye ameolewa. Kurekebisha kunaanzia kwenye cheti cha kuzaliwa, maana paspoti na kitambulisho vinaegemea hapo, na kama cheti hakirekebishiki, wakili aandike hati ya kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, au hati rasmi ya kubadilisha jina. Yote hayo yafanyike kabla ya ndoa kuandikishwa, kwa sababu kosa likishaingia kwenye daftari la manispaa kule Italia utalikuta kwenye kila karatasi unayopewa. Vyeti vikishalingana ndipo vinapigwa muhuri Wizara ya Mambo ya Nje, vinatafsiriwa Kitaliano na kuthibitishwa. Cheti cha maadili mema cha polisi kikihitajika, kiache mwisho, kinazeeka haraka.

"Ingia na viza ya utalii, mengine mtamalizia hukohuko."

Uingereza mgeni wa matembezi haruhusiwi kugeuza viza yake kuwa ya mke au mume akiwa ndani ya nchi. Ujerumani kwa kawaida watakurudisha Nairobi ukaombe viza sahihi. Italia ni laini zaidi kwa mwenye ndoa na raia wake, na hapo ndipo uvumi huu ulipopatia nguvu. Lakini kuipata hiyo viza ya utalii umwambie afisa kwamba unarudi baada ya wiki tatu, huku cheti cha ndoa kimo mkobani, ni kumdanganya. Akigundua anakataa, na kukataliwa huko kunabaki kwenye rekodi ambayo nchi zote za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, huisoma. Tena ule ukomo wa mgeni wa matembezi, kukaa siku 90 tu ndani ya kila siku 180, si maneno ya kupuuza siku hizi. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuchukua alama za vidole na picha za uso za wageni wa muda mfupi, badala ya kutegemea muhuri wa wino.

"Fulani ana mtu wake ubalozini."

Hana. Fomu zinapokelewa kwenye kituo cha maombi, ubalozi ndio unaoamua, na fulani anasubiri jibu kwenye simu kama wewe. Viza ya familia ya mke au mume wa raia wa Italia hutolewa bure; unachoweza kulipia ni huduma ya kituo, tafsiri na mihuri. Ukiambiwa "ada ya viza ya familia" ya laki moja, ujue hiyo ni ya mfuko wa mtu.

"Kitaliano nakijua, lugha haiwezi kuwa shida."

Kwa viza ya Italia kweli lugha si kikwazo. Ujerumani ni tofauti: tangu 2007 mke au mume huonyesha cheti cha Kijerumani cha A1, yaani ngazi ya mwanzo kabisa, kabla ya kusafiri, na wengi hukaa Nairobi miezi wakisomea. Uingereza wanataka Kiingereza cha A1. Italia lugha hukusubiri kwenye uraia, ambapo tangu mwisho wa 2018 unatakiwa cheti cha B1, yaani ngazi ya kati. Vijana wetu wa ufukweni wanashindana kwa Kitaliano cha mdomo na hakuna anayewaweza, lakini ukiwapa kalamu waandike barua ya malalamiko kwa mwenye nyumba, kimya. B1 ina kuandika.

"Miaka miwili tu na unakuwa raia."

Baada ya miaka 2 ya kuishi kihalali Italia mkiwa mmeoana unaruhusiwa kuomba. Mkiishi Malindi, ni miaka 3 ya ndoa. Mkiwa na mtoto wenu, muda hukatwa nusu. Kisha serikali ina miezi 24 ya kujibu, na inaweza kuivuta hadi 36. Wakati wote huo ndoa iwe hai.

"Wataingia hadi chumbani kuhakikisha ndoa si ya uongo."

Hii ina ukweli, ila si kama inavyosimuliwa. Italia ukijiandikisha kuwa mkaazi, askari wa manispaa hubisha hodi kuona kama kweli unaishi pale. Ujerumani mkishukiwa, mnaweza kuhojiwa wakati mmoja, mmoja Nairobi na mwingine kule, kwa maswali yaleyale: mlikutana wapi, nani alihudhuria harusi, ndugu zake wangapi. Tofauti ya umri peke yake haiharamishi ndoa, lakini huleta maswali mengi. Waliooana kweli wana picha za miaka, meseji, risiti za kutumiana pesa. Usizifute.

"Mke wa pili naye atachukuliwa baadaye."

Hapana. Italia, Ujerumani na Uingereza hazimpi kibali mke wa pili wakati wa kwanza yupo kule na mume. Na Mtaliano mwenye mke kwao akifunga nikahi Lamu, manispaa yake haitaiandikisha. Kwao kuoa wawili ni jinai.

"Ukizaa naye tu, kazi imekwisha."

Kwanza baba amtambue mtoto kisheria. Pili, mzazi wa mtoto mdogo aliye raia wa Italia ana njia yake ya kuomba kibali hata bila ndoa, lakini mtoto awe anaishi kule. Italia pia ilikaza sheria ya uraia wa kurithi mwaka 2025, kwa hiyo habari za binamu wa 2010 hazikusaidii. Kwa Kenya hakuna wasiwasi: mtoto wa mama au baba Mkenya ni raia wa kuzaliwa, popote alipozaliwa.

"Mkigombana anakutupia mkoba na kibali kinakufa siku hiyo."

Hili limewafunga wengi kwenye nyumba mbaya. Italia, ndoa iliyodumu angalau miaka 3, mwaka mmoja wapo ukiwa ndani ya Italia, humwachia aliyeachwa haki ya kubaki. Ujerumani ni miaka 3 ya kuishi pamoja kule. Na kukiwa na kipigo, nchi zote mbili pamoja na Uingereza zina kibali cha mwathiriwa hata kabla ya muda huo. Paspoti yako ni mali ya Serikali ya Kenya, mume hana ruhusa ya kuifungia kabatini.

"Ukichukua uraia wao umeupoteza wa Kenya."

Ilikuwa hivyo kabla ya Katiba ya 2010. Sasa raia wa kuzaliwa anashika vyote viwili, mradi aitaarifu serikali ndani ya miezi 3. Ujerumani nayo imeruhusu uraia pacha tangu Juni 2024.

"Mzungu akioa hapa, kesho ni Mkenya na shamba ni lake."

Baada ya miaka 3 ya ndoa anaweza kuomba ukaazi wa kudumu, na baada ya miaka 7 uraia. Zamani waliopewa uraia kwa ndoa ni wanawake walioolewa na Wakenya. Siku hizi ni mume na mke. Kabla ya hapo ni mgeni, na mgeni ardhi anakodi tu, isiyozidi miaka 99. Ndiyo maana nyumba nyingi za Shela na za mbele ya bahari Malindi huambiwa ziandikwe kwa jina la mke. Akubali, hakuna ubaya. Ila aisome ile karatasi ya pili anayowekewa mbele siku hiyohiyo, inayosema anadaiwa na mume thamani yote ya nyumba, kabla hajaweka saini.