Utengamao wa moyo: nitarudi lini uwanjani?

Mchezaji wa timu ya maveterani aliyezibuliwa mshipa wa moyo hutoka hospitali na swali moja: bonanza lijalo nitacheza? Kazi ya kulijibu inaitwa utengamao wa moyo. Neno limetoka kwenye kutengamaa, yaani kilichoyumba kikakaa sawa tena. Ni mpango wa wiki kadhaa ambamo mgonjwa hupewa mazoezi kwa kipimo, kama anavyopewa vidonge, huku akifuatiliwa dawa, chakula na sigara zake.

Kwanza huangaliwa alifanyiwa nini. Aliyefunguliwa kifua husubiri mfupa wa kidari uunge, wiki 6 hadi 12, na muda huo hata ndoo ya maji habebi. Aliyewekewa betri ya moyo, yaani kifaa kidogo cha kuyaongoza mapigo, huambiwa asinyanyue mkono wa upande ule kupita bega kwa wiki 4 hadi 6, maana waya ulioingia moyoni unaweza kuchomoka. Mwenye stenti, yaani kijibomba cha wavu cha kuuacha wazi mshipa uliozibuliwa, iliyopitishwa kwenye tundu dogo la mkononi ndiye anayejidanganya zaidi: hana mshono, siku chache tu anatembea vizuri, basi anajiona amepona. Kumbe anameza dawa mbili za kuzuia damu kuganda, mara nyingi kwa miezi 6 hadi 12. Kutembea haraka hakuna neno. Ndondi, au kugongana vichwa mkigombea mpira wa kona, kunaweza kumvujisha damu ndani ya fuvu.

Mazoezini, kipimo rahisi ni mdomo wako. Ukiweza kuzungumza ila kuimba kunakushinda, hapo panatosha. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Usitegemee kuhesabu mapigo peke yake, kwani dawa za beta-bloka huyazuia yasipande hata pale mwili umechoka. Kifua kikibana, kizunguzungu kikija au moyo ukienda ovyo, simama na utafute msaada. Hapo si pa kujikaza kiume.

Kabla ya mechi za ushindani daktari hukupandisha kwenye mashine ya kukimbilia, nyaya za kupima umeme wa moyo zikiwa kifuani. Tarehe ya kalenda haitoshi. Mwanasoka wa Nigeria, Nwankwo Kanu, alipasuliwa vali ya moyo Novemba 1996 akarudi klabuni kwake Inter Milan ya Italia Aprili 1997, lakini miezi ile mitano ilikuwa yake, si ya kila mtu.

Tena ruhusa ya daktari si ruhusa ya ligi. Christian Eriksen, mwanasoka wa Denmark aliyekuwa Inter hiyohiyo, moyo wake ulisimama akaanguka uwanjani Copenhagen Juni 2021, akawekewa kifaa cha kuushtua moyo ukisimama. Kanuni za Italia hazikumruhusu kucheza akiwa nacho, akaachana na Inter. Februari 2022 alikuwa uwanjani Uingereza na jezi ya Brentford, kifaa kikiwa bado kifuani.