Kusoma nje ya mpaka, na jinsi ya kukagua rekebisho lake

Kwenye depo za maharage hapa Goma, mfuko ulioandikwa kilo 100 hupandishwa mizani kwanza, ndipo pesa zitoke. Kerneli, ile programu inayoshika mashine nzima, nayo isiamini maandishi ya juu ya mfuko.

Kusoma nje ya mpaka ni hivi: data imetengewa baiti 40 za kumbukumbu, kodi, yaani maagizo ya programu, ikasoma ya 41 na kuendelea. Lugha ya C, iliyotumika kuandika sehemu kubwa ya kerneli ya Linux, haikuzuii. Inakupa chochote kilicholala pale: takataka, au siri ya mtu mwingine. Na kama anwani ile haina kitu, kerneli inaweza kuanguka na mashine yote. Tarehe 19 Julai 2024 kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 zilianguka kwa sababu programu ya usalama ya kampuni ya CrowdStrike, ikiwa ndani ya kerneli, ilitafuta ingizo la 21 penye maingizo 20.

Kwa hiyo mtu akikuletea rekebisho na kusema “haianguki tena”, bado hajajibu swali. Uliza: urefu huu kautaja nani? Kama umetajwa na pakiti yenyewe, yaani fungu la data lililotoka nje, pima. Tena upime kabla ya kusoma; nimeshaona kipimo kimewekwa mstari mmoja chini ya usomaji, hakina kazi. Angalia pia alama ya kulinganisha, kama <= (“si zaidi ya”): vitu vinane huhesabiwa 0 hadi 7, hivyo “i <= 8” inaruhusu cha tisa.

Kinachoponyoka macho zaidi ni hesabu ya kutoa. Juzi kijana tunayefanya naye kazi aliniambia, “Yaya, nimeshaweka kizuizi.” Kweli kilikuwepo: kodi isisome zaidi ya urefu − 4, kwa kuwa baiti nne za mwanzo ni kichwa cha pakiti. Nikamwuliza, “Na pakiti ikija na baiti mbili, mdogo wangu?” 2 − 4 ni −2, lakini namba isiyo na alama ya hasi, ya biti 32, haiwezi kuwa −2, inazunguka na kuwa 4,294,967,294. Kizuizi kinaruhusu karibu kila kitu.

KASAN, zana ya kukamata usomaji mbaya wa kumbukumbu ndani ya kerneli, iliyoingia Linux mwaka 2015, hukamata makosa haya, ila kwenye njia zilizopitwa wakati wa jaribio tu, na pakiti fupi hivyo yule kijana hakuwa ameijaribu. Aliongeza mstari mmoja juu ya kile kizuizi: urefu ukipungua 4, kataa. Kisha akatuma pakiti ya baiti mbili.