Baraza la usuluhishi la ndoa ni nini, na kwa nini mahakama inakurudisha huko

Ukitaka kuvunja ndoa huku Tanzania Bara, hata kama una wakili na hela ya kumlipa unayo, huwezi kuamka tu ukaenda kufungua kesi ya talaka. Lazima upite kwanza baraza la usuluhishi la ndoa. Sharti hilo limewekwa na Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 101, na watu kibao huku Moshi na Arusha wanalisikia mara ya kwanza wakiwa dirishani kwa karani wa mahakama, karatasi mkononi, wanaambiwa rudi ulete hati ya baraza.

Lenyewe ni watu wachache tu, mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili na wasiozidi watano, kazi yao ni kuwaita mume na mke, kuwasikiliza na kujaribu kuwapatanisha. Sheria inataka kila kata iwe nalo, na jumuiya za dini nazo zinaweza kuwa na la kwao waziri akilitambua, ndo maana utasikia huyu kapitia BAKWATA yule kapitia kanisani. Wakishindwa wanatoa hati, wengi wanaiita fomu namba tatu, kwamba tumejaribu imeshindikana. Basi. Baraza halitoi talaka wala haligawi nyumba, na mtoto akae na nani sio wao wanaoamua, wanaweza kuandika mapendekezo kwenye ile hati ila mwenye neno la mwisho ni mahakama. Kwa hiyo mwenyekiti akikutangazia pale pale kwamba shamba la Bomang'ombe ni la mume, usianze kulia, hana hayo mamlaka.

Sasa kinachowachanganya sana watu wa huku ni kikao cha ukoo. Si mnajua, Desemba watu wamerudi nyumbani, wazee wa pande zote mbili wanakutana, mbege, ile pombe ya ndizi, ipo, mambo yanasemwa kuanzia asubuhi mpaka giza linaingia na mwishoni babu anatamka haya, kila mtu ashike njia yake. Mimi sikipondi hicho kikao, kuna ndoa zimepona pale ambazo mahakama ingezimaliza. Lakini hata muhtasari uwe umesainiwa na ukoo mzima, kisheria hilo sio baraza na hakimu hawezi kuupokea badala ya hati. Talaka ya mdomo au ya karatasi kwa waliofunga ndoa ya Kiislamu nayo vile vile, mahakama inaizingatia, tena ina uzito, ila hati ya baraza bado inatakiwa.

Halafu kuna ishu ya kata ipi. Kwa baraza la kata, sheria inaangalia anakoishi mume. Unakuta dada kaondoka kwa mume Sakina karudi kwa mama yake Kibosho, anaenda baraza la hapo hapo kwa sababu ni jirani na mwenyekiti anamjua, kumbe alipaswa kwenda la kule Sakina. Na hati haikai milele, isizidi miezi sita tangu itolewe mpaka unafungua kesi.

Kuna wanaosamehewa kupita baraza: aliyetelekezwa na hajui mwenzake yuko wapi, ambaye mwenzake yuko nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi sita, ambaye mwenzake kafungwa miaka mitano au zaidi, au ambaye mwenzake aliitwa barazani akagoma kwa makusudi. Na ndoa ambayo haijafika miaka miwili inahitaji kwanza ruhusa ya mahakama.

Kama huna hela ya wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua mashirika yanayosaidia bure. Arusha TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, wana ofisi, Moshi kuna KWIECO, shirika la kusaidia wanawake, ambao wapo miaka mingi. Ukikutana na msaidizi wa kisheria mtaani atakuelekeza vizuri tu na kukusaidia kujaza fomu, ila kusimama mahakamani kwa niaba yako haruhusiwi, hiyo ni ya wakili. Matunzo ya mtoto hayasubiri talaka, nenda ustawi wa jamii hata leo.

Na ukipewa hati yako, isome kabla hujatoka pale. Angalia tarehe, muhuri, sahihi, na iandikwe wazi kwamba baraza limeshindwa kuwapatanisha, maana kuna barua zinaandikwa "tumewaruhusu waachane" na ukifika nayo mahakamani unaanza upya.