Breki za Baiskeli: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Usishike breki ya mbele, itakurusha." Hii ndiyo dhana inayonisikitisha kuliko zote, maana anayekua nayo hunyimwa breki iliyo bora kabisa kwenye baiskeli yake. Ukishika breki, uzito huhamia mbele: gurudumu la mbele hukandamizwa barabarani, la nyuma hubaki jepesi. Gurudumu jepesi halina mshiko, kwa hiyo breki ya nyuma, hata iwe mpya, haichelewi kuburuza tairi. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa kwenye lami kavu, ya mbele ikitumiwa vizuri inaweza kukusimamisha ndani ya mita 7 hivi. Ya nyuma peke yake itataka kama mita 14. Hapo sijahesabu sekunde ya kushtuka, ambayo nayo hula mita 8.

Kupinduka kupo. Mara nyingi hutokana na kubana kwa ghafla huku mikono imelegea, baiskeli ikasimama na mwili ukaendelea. Anza taratibu ukiongeza nguvu, sukuma makalio nyuma, kaza mikono. Ukihisi gurudumu la nyuma linainuka au linateleza, legeza ya mbele kidogo. Kwenye changarawe, matope au katikati ya kona tegemea zaidi ya nyuma, kwa sababu tairi la mbele likiteleza ni vigumu kujiokoa.

"Breki za diski husimamisha karibu zaidi kuliko za rimu." Za diski hubana sahani ya chuma iliyo katikati ya gurudumu; za rimu hubana ukingo wa gurudumu lenyewe. Pakiwa pakavu, si lazima. Breki za rimu zilizorekebishwa vizuri zina uwezo wa kuinua gurudumu la nyuma, na ukishafika hapo hakuna breki duniani itakayokuongezea chochote; kikomo ni mwili wako ulivyokaa juu na mbele. Diski hujipambanua kwenye mvua. Rimu iliyolowa hupoteza mizunguko ya kwanza ikifutwa maji na raba za breki, na ya chuma yenye kromu ni mbaya mno kuliko ya alumini. Diski huwa mbali na madimbwi, na pedi zake hubana kwa nguvu kubwa mahali padogo. Za haidroliki, yaani zinazosukumwa na kimiminika badala ya waya, tena, hazichoshi vidole kwenye mteremko mrefu. UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, iliporuhusu diski rasmi katika mashindano ya barabarani mwaka 2018, wengi walidhani breki za rimu zimethibitika kuwa dhaifu. Sivyo.

"Breki ya kukanyaga pedeli kinyumenyume haina shida." Mvua haiisumbui, kweli. Lakini hufunga gurudumu la nyuma tu, kwenye mteremko mrefu grisi yake huungua, na cheni ikichomoka huna breki.

Mwisho ni hili linalowadanganya hata mafundi: "Breki ngumu mkononi ndiyo yenye nguvu." Mara nyingi ni kinyume chake. Ugumu huo huonyesha kwamba mkono wa breki unavuta waya mwingi kwa nguvu ndogo. Nao ulaini ukizidi, mkono ukagusa usukani kabla gurudumu halijakamatwa, huenda waya umelegea, au breki za V (za rimu zenye mikono miwili mirefu, zinazotaka waya mwingi kuvutwa) zimefungiwa mikono ya usukani isiyovuta waya wa kutosha. Badilisha mikono hiyo kabla ya kupanda tena.