Talmudi si kitabu cha siri: dhana potofu kuhusu vitabu vya Kiyahudi

Kila muhula wanafunzi wa historia ya dini huniletea kwenye simu sentensi iliyotanguliwa na maneno "Talmudi inasema," wakitaka kujua kama kweli Wayahudi wanaamini hivyo. Mimi huwauliza ni rabi gani aliyesema maneno hayo, na ni nani aliyempinga. Sijapata kujibiwa, kwa sababu wanaozikata sentensi hizo na kuzisambaza hawajaufungua ukurasa zilikotoka, nami nimechoka kuona kazi ya karne nyingi ikihukumiwa kwa mstari mmoja.

Dhana yenyewe ni kwamba Talmudi ni kitabu cha siri chenye amri ambazo kila Myahudi anazitii. Ukweli ni kwamba Talmudi ni kumbukumbu ya mijadala. Kiini chake ni Mishna, yaani sheria za mapokeo ya mdomo, iliyokusanywa Galilaya na Rabi Yehuda ha-Nasi yapata mwaka 200 na kugawanywa katika sehemu 6 zenye vitabu 63. Vizazi vya marabi waliofuata, hasa wale wa Babeli, waliichambua Mishna hiyo kwa Kiebrania na Kiaramu, na uchambuzi wao ndio unaoitwa Gemara. Humo mtoa hoja hutajwa kwa jina, mpinzani wake naye hutajwa, hoja iliyoshindwa haifutwi, na mara nyingi mjadala huishia bila uamuzi wowote.

Tazama kitabu cha Bava Metzia, kimojawapo cha vile 63, karatasi ya 59, ambapo marabi wanabishana kama tanuri lililokatwa vipande na kutiwa mchanga kati yake linaweza kunajisika. Rabi Eliezer yuko peke yake upande mmoja, na kila muujiza anaouomba unatokea: mti unahama mahali pake, maji ya mfereji yanarudi nyuma, kuta za nyumba ya masomo zinainama, na mwishowe sauti ya mbinguni inatangaza kwamba yeye ndiye aliye sahihi. Rabi Yehoshua anasimama na kujibu kwa maneno ya Torati kwamba sheria "haiko mbinguni," na rai ya walio wengi inabaki palepale. Anayenukuu maneno ya Rabi Eliezer peke yake atakuwa amenukuu Talmudi bila kosa la herufi hata moja, na bado atakuwa amempotosha msomaji kabisa.

Anayetafuta sheria zilizopangwa kwa ajili ya kufuatwa aende kwenye Mishne Tora ya Musa bin Maimun, ya karne ya 12, au Shulhan Arukh ya Yosef Karo, iliyochapishwa Venice mwaka 1565. Vitabu hivyo viliandikwa kwa sababu kuipata hukumu ndani ya Talmudi ni kazi ngumu.

Dai la siri ndilo linaloniudhi zaidi. Aliyechapa kwa mara ya kwanza Talmudi nzima ya Babeli, huko Venice kati ya 1520 na 1523, ni Mkristo, Daniel Bomberg. Nakala zilichomwa hadharani Paris mwaka 1242 na Roma mwaka 1553, na waliozichoma hawakuwa Wayahudi. Tangu 1923 Wayahudi wa nchi mbalimbali husoma karatasi moja ileile kila siku, na kuzimaliza zote 2,711 huchukua takriban miaka saba na nusu. Tafsiri ya Kiingereza inasomwa bure kwenye intaneti. Ushauri wangu haubadiliki: anza na Pirke Avot, kitabu cha Mishna chenye misemo ya hekima ya marabi, kisha soma mjadala mmoja tangu mwanzo wake hadi kifungu cha Mishna kinachofuata, ndipo unukuu.

Kuhusu "Itifaki za Wazee wa Sayuni," zinazodai kuwa Wayahudi wana njama ya kuitawala dunia, si kitabu cha Kiyahudi hata kidogo. Ni maandishi ya kughushi yaliyotolewa Urusi mwaka 1903, na gazeti la Times la London lilionyesha mwaka 1921 kwamba sehemu zake kubwa ziliibwa kutoka kitabu cha Mfaransa Maurice Joly cha mwaka 1864, kilichomshambulia Napoleon III.

Wapo pia wanaodhani kwamba falsafa ya Kiyahudi iliandikwa kwa Kiebrania tu, ikiwa imejitenga na Waislamu. Musa bin Maimun aliandika kitabu chake cha falsafa, Mwongozo wa Waliotatizika, huko Misri kwa Kiarabu, akitumia herufi za Kiebrania, kama wazee wetu walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na alimheshimu sana al-Farabi, mwanafalsafa Mwislamu.

Wengine hudhani historia ya Wayahudi ni ya Ulaya pekee. Hao nawaelekeza kwa mwanahistoria S. D. Goitein, ambaye katika kazi yake kubwa ya juzuu kadhaa, ya kwanza ikiwa ya mwaka 1967, alitumia nyaraka za sinagogi la Fustat, yaani Kairo ya kale, kueleza maisha ya Wayahudi wa nchi za Kiarabu. Miongoni mwa nyaraka hizo zimo barua za Abraham ben Yiju, mfanyabiashara wa karne ya 12 aliyetoka Tunisia, akakaa miaka mingi pwani ya Malabar, India, na kuandikiana na wenzake wa Aden kuhusu mizigo na madeni. Asiyependa hesabu za biashara aanze na juzuu ya tatu, inayohusu familia.