Ubao Chini ya Ngoma: Tunavyowafundisha Watoto Wote Kucheza, Mtwara

Shule moja ya msingi, kijijini kwenye njia ya kutoka Mtwara mjini kwenda Nanyamba, iliwahi kuniita nikasaidie kuandaa kikundi cha ngoma cha mahafali ya darasa la saba. Shule hiyo ina kitengo cha wanafunzi viziwi. Nilipofika siku ya kwanza, wachezaji walikuwa wamekwishachaguliwa, wamepangwa mistari miwili, kanga zimefungwa viunoni. Pembeni, chini ya mwembe, alisimama binti wa kitengo, wa darasa la tano, ana ndoo ya maji na kikombe. Kazi aliyopewa ni kuwanywesha wenzake wakichoka.

Nikamuuliza mwalimu wa zamu mbona yule hachezi.

"Huyo hasikii, mwalimu. Atachezaje?"

Tukiwa bado tunasemezana, mpigaji akaanza kujaribu ngoma zilizokuwa zimetoka kuota moto. Nikamtazama yule binti. Alikuwa peku, na kidole gumba cha mguu wake kilikuwa kinakwenda sawasawa na mapigo ya ngoma kubwa. Mpigaji alipobadilisha, nacho kikabadilika. Mahafali yakafanyika, wageni wakapiga makofi, naye akamaliza shughuli na ndoo yake. Sikusema kitu. Nilikuwa mgeni, nikajiambia si mahali pangu. Linaniuma mpaka leo, na ndilo lililonirudisha pale mwaka uliofuata.

Nimesomea sanaa Bagamoyo na nimefundisha ngoma huku kusini kwa miaka mingi. Nilichojifunza katika kazi hii, hasa kwa watoto wenye ulemavu, ni kwamba mwalimu peke yake hawezi. Akili yake inaweza kuwa nzuri, mtaala unaweza kuwa na somo la Sanaa na Michezo, lakini ngoma ina wenyewe. Wenyewe wasipomwita mtoto uwanjani, mtoto hajaitwa.

Kwa hiyo nilianza kwa wazee, kabla ya kwenda kwa mwalimu mkuu. Nilimwendea mpigaji yule yule, mzee wa makamo ya babu yangu, nikamkuta anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja tena kutufundisha ngoma yetu?"

"Nimekuja kuomba, babu. Nataka watoto wa kitengo, na wenzao wenye ulemavu mwingine, nao wacheze."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza ngoma gani. Swali hilo lilikuwa zito kuliko lilivyosikika. Si kila ngoma ya huku ni ya kutolewa nje. Ya jandoni yana wenyewe, ya unyagoni yana makungwi wake, na mtu wa sanaa anayeyabeba na kuyapeleka uwanja wa shule kwa sababu yanapendeza anavunja nyumba ya watu. Nikamwambia sindimba. Akaitikia kwa kichwa. Sindimba huchezwa mbele ya kila mtu.

Ndipo nikamweleza jambo nililokuwa nimelifikiria muda mrefu. Wamakonde wana midimu, wachezaji wa vinyago. Kinyago cha mdimu hufunika kichwa, na aliyekivaa huonea kwenye uwazi wa mdomo wa kinyago. Anachokiona ni kidogo: kipande cha ardhi, labda miguu ya watu. Anayempeleka ni mpigaji. Ngoma ikimwambia geuka, anageuka. Ikimwambia simama, anasimama kama jiwe, na watu wanashangilia. Wapo pia wanaocheza juu ya milonjo, miti mirefu iliyofungwa miguuni, vichwa vyao viko juu ya mapaa. Sijawahi kusikia mtu akimtazama mcheza milonjo akasema, maskini, yule hana miguu ya kawaida. Anaitwa fundi. Tangu zamani ngoma yetu imemchezesha mtu asiyeona vizuri na mtu mwenye miguu ya mti. Mtoto asiyeona na mtoto wa magongo wanatushindaje?

Babu aliacha mahindi. "Niletee hao watoto," akasema, "ila mimi lugha yao siijui."

Maneno hayo ndiyo yaliyozaa mkutano. Walikuja wazee wa ngoma, bibi mmoja kungwi, mwenyekiti wa kijiji, mwalimu wa kitengo, wazazi wachache, seremala, vijana wawili wa bodaboda, na mtu wa chama cha ushirika. Nilimwomba pia kiziwi mtu mzima, fundi cherehani kutoka mjini. Nilimpata kupitia viziwi wenyewe, maana wana chama chao, CHAVITA. Kwangu huyu ndiye aliyekuwa muhimu kuliko sote. Wazazi wengi waliokuwepo walikuwa hawajawahi kukaa na kiziwi mwenye kazi yake, mke na watoto. Yeye ndiye aliyewafundisha wapigaji ishara za mwanzo za Lugha ya Alama ya Tanzania: anza, simama, polepole, tena, vizuri. Ishara kumi na tano hivi, wiki mbili, jioni, baada ya swala ya alasiri. Wapigaji wana mikono myepesi. Walishika haraka kuliko walimu.

Likaja suala la mahali, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo mipango mingi mizuri inapofia.

Ardhi yetu ni mchanga. Kiti mwendo kikiingia mchangani magurudumu yanazama, na mtoto aliyekuja kucheza anageuka mzigo wa kusukumwa na watu wawili. Mtu wa ushirika ndiye aliyetoa suluhisho: ghala la korosho. Msimu ukiisha ghala hubaki tupu miezi mingi, na sakafu yake ni ya saruji, pana, laini. Tukaomba kwa barua, mtendaji akagonga mhuri, tukapewa ufunguo.

Saruji ikawafaa wa viti mwendo, ikawaharibia viziwi. Kwenye ardhi ya kawaida, karibu na ngoma kubwa, mguu mtupu unapata kitu. Saruji iliyolala juu ya ardhi hainepi, na mtikisiko unafia pale pale. Tena baadhi ya vinganga, ngoma ndogo za Kimakonde, vina mguu mmoja wa kuchomekwa ardhini, na sakafu haichomeki. Babu alileta debe la mchanga, akachomeka kinganga chake humo, tatizo hilo likaisha kwa dakika tano. La watoto lilichukua siku tatu. Seremala ndiye aliyeleta mlango wa zamani, mbao nzito, akaulaza juu ya matofali manne, moja kila pembe. Ngoma kubwa ikasimamishwa upande mmoja wa mlango. Watoto wakapanda upande wa pili, peku.

Babu akapiga pigo moja tu. Watoto sita wakainua nyuso kwa pamoja.

Sababu yake si ya ajabu. Ngozi, mifupa na kifua cha binadamu hupokea mtikisiko wa sauti nzito. Sauti nyembamba na ya kasi huipoteza. Ndiyo maana kiziwi hufuata ngoma kubwa na hukikosa kinganga. Ubao ulioinuliwa hucheza chini ya mguu kama ngozi ya ngoma iliyowambwa. Marekani, mwaka 2001, daktari Dean Shibata alieleza kwamba viziwi walipotetemeshewa kitu mkononi, sehemu ya ubongo ambayo kwa watu wengine hushughulikia sauti ndiyo iliyofanya kazi. Mwalimu anayesema kiziwi "anaigiza tu" hajui anachokisema. Anaisikia ngoma kwa njia yake.

Lakini ubao ni wa kujifunzia tu. Mtoto hawezi kubeba mlango uwanjani. Akishayaingiza mapigo mwilini, anahitaji kujua lini hatua inabadilika, na hapo tulibadilisha desturi moja. Kwa kawaida mabadiliko huitwa kwa filimbi. Filimbi tuliiacha ipigwe, ila tukaongeza kitambaa cheupe: anayeongoza akikiinua, hatua inabadilika. Wapigaji tukawahamisha kutoka nyuma ya wachezaji, wakakaa mbele, mikono yao ionekane. Kiziwi anaisoma mikono ya mpigaji kabla haijaigusa ngozi.

Kwa wasioona kazi ilikuwa nyingine. Sindimba ni kiuno, na kiuno hakielezeki kwa maneno. Mwalimu wa Ulaya angemshika mtoto mikono akaiweka kiunoni pake. Huku kwetu, kwa mabinti wakubwa hasa, hilo halikubaliki, na mimi pia sikubaliani nalo. Bibi kungwi ndiye aliyelimaliza. Alijifunga kibwebwe, akaacha ncha mbili ndefu nyuma, akampa binti asiyeona ashike ncha hizo kama hatamu. Alipokata kiuno, kanga ikavuta kushoto, ikavuta kulia, ikalegea, ikakaza. Binti akacheka kwa sauti. Ameelewa. Tangu hapo kila anayefundishwa kwa njia hiyo ana mkufunzi wa jinsia yake, na mzazi yupo. Uwanjani nafasi yake anaijua kwa njuga: wenzake wawili wa pembeni huvaa njuga zenye milio tofauti, mmoja za chuma, mwingine za makokwa makavu. Akisikia mlio wa kulia umekaribia mno, anasogea.

Watoto wenye ualbino walitutaka jambo dogo tu, saa. Mazoezi yakawa saa 10 jioni kuendelea, kivulini, kofia pana na mikono mirefu kama sehemu ya vazi la wachezaji wote, ili asiwepo anayeonekana amevalishwa tofauti.

Sheria ipo, na ni vizuri mzazi aijue. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja wazi katika ibara ya 30 haki ya kushiriki katika utamaduni. Sheria yetu ya Watu wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010. Nimeitaja mikutanoni, na imesaidia kupata mhuri. Haijawahi kumtoa mtoto ndani.

Kumtoa mtoto ndani kulihitaji bibi kungwi. Mama mmoja alikataa kabisa mwanawe wa kiti mwendo asije ghalani. "Watamcheka," alisema, na mimi sikuwa na jibu, kwa sababu kweli wangeweza kumcheka. Bibi alikwenda peke yake jioni, bila mimi. Aliniambia baadaye alichomwambia: "Mwanangu, mimi ndiye niliyekufundisha wewe, na ulikuwa mzito wa kiuno kuliko wote. Walikucheka. Nilikufukuza?" Kesho yake mama alikuja akisukuma kiti mwenyewe.

Mama huyo huyo ndiye aliyeuliza: siku ya mahafali tutacheza wapi, uwanja si mchanga? Wanawake wakajibu kwa vitendo. Wakabeba udongo wa kichuguu kwa ndoo, wakaumwagia maji, wakaushindilia kwa miti na kwa miguu, wakiimba, siku mbili, mpaka kipande cha uwanja kikawa kigumu kama sakafu ya nyumba. Ukitaka kujua kama jamii imekubali jambo, tazama inalishindilia vipi.

Nina ugomvi na wazo moja ambalo huletwa mara kwa mara, na watu wenye nia njema kabisa: kuwe na kikundi cha walemavu peke yao, kitumbuize wageni. Nakataa. Kikundi cha namna hiyo kinatazamwa kwa huruma, na huruma haimfundishi mtu kucheza. Uingereza kilianzishwa kikundi cha Candoco, mwaka 1991, ambamo wachezaji wenye ulemavu na wasio nao walifanya kazi moja jukwaani. Tamasha la MaKuYa hapa Mtwara lilipata jina lake kwa kuwaunganisha Wamakonde, Wamakua na Wayao. Watu wa makabila matatu wanaweza kuchezeana ngoma. Watoto wa shule moja wasichanganyike kwa nini?

Huruma hiyo niliiona tena siku ya mahafali. Wachezaji walipoingia tu, kabla hata hawajainua mguu, mgeni mmoja aliinuka na noti akamwendea mtoto wa kiti mwendo. Babu akasimamisha ngoma. Kimya. Akamwambia kwa upole, "Subiri kwanza acheze, baba." Mgeni akarudi kukaa. Kwetu hutunzwa mcheza, na kutunzwa kabla ya kucheza ni kuambiwa hukutarajiwa kucheza.

Ngoma ikaanza upya. Aliyeshika kitambaa cheupe alikuwa yule binti wa ndoo, sasa yuko darasa la sita. Alikiinua, mistari ikageuka. Alikiinua tena, viti vikazunguka juu ya udongo wa kichuguu, njuga zikajibu. Katikati ya hatua ya tatu nikagundua kwamba babu hatazami tena miguu ya mtu yeyote. Macho yake yalikuwa kwenye mkono wa yule binti, anangojea ainue ili abadilishe pigo. Yule mgeni aliinuka mara ya pili, na safari hii alipita mbele ya wote, akamtunza kila aliyemwona anafaa. Kiti mwendo kilikuwa cha nne.

Mwezi wa 10 korosho zitaanza kuingia ghalani na tutarudisha ufunguo. Mazoezi yatahamia uwanjani, kwenye kipande cha kichuguu, ambacho mvua zikishuka kitahitaji kushindiliwa tena. Akina mama wameshagawana zamu. Mlango wa seremala umelazwa nyumbani kwa babu, ukutani, kwa ndani usipate maji. Wajukuu zake wanaosikia wamekwishaanza kuupanda.